Shajara za Annie Fields ni nyaraka za biashara

Wanafunzi wanaoletewa nyaraka za James T. Fields, mchapishaji wa vitabu wa Marekani wa karne ya 19, na mkewe Annie huzigawa haraka mno: barua za bwana zinakwenda kwenye biashara, shajara za bibi zinakwenda kwenye mambo ya nyumbani. Huwa nawasimamisha hapohapo. Katika nyumba ile ya Charles Street, Boston, biashara ilifanyika mezani, na aliyeandika yaliyosemwa mezani ni Annie.

James alizaliwa Portsmouth, New Hampshire, mwaka 1817. Alifika Boston akiwa kijana, akawa karani wa duka la vitabu, na hatimaye mshirika katika kampuni ya Ticknor and Fields. Ndiye aliyemsukuma mwandishi Nathaniel Hawthorne kuitoa riwaya yake The Scarlet Letter mwaka 1850, na tangu 1861 hadi 1871 alihariri jarida la Atlantic Monthly. Annie aliolewa naye mwaka 1854 akiwa na miaka 20. Mwaka 1863 alianza shajara ya mambo ya fasihi na ya wageni wake: waandishi Emerson, Longfellow, Stowe, wote wamo.

Kwa nini chakula cha jioni kiwe biashara? Kwa sababu ya hakimiliki. Hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikumlinda mwandishi wa nje. Kitabu cha Mwingereza kikishashushwa bandarini, yeyote mwenye mtambo aliweza kukichapa bila kumlipa hata senti. Mchapishaji wa Boston aliyemtaka mwandishi wa London hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Alichokuwa nacho ni urafiki, malipo ya hiari, na desturi ya wachapishaji kutoingiliana. William Ticknor, mwenye kampuni, alimlipa mshairi Mwingereza Tennyson dola 150 mwaka 1842, na hakuna sheria iliyomlazimisha.

Sasa zisome kurasa za 1867 na 1868, mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipokwenda Marekani kusoma kazi zake jukwaani. Annie anamfuatilia kwa huruma, vicheko vyake na huzuni yake. Mapenzi yale ni ya kweli, sina shaka. Lakini wakati huohuo kampuni ya mumewe ilijitangaza kuwa ndiyo pekee iliyoidhinishwa na Dickens nchini humo. Idhini isiyo na sheria nyuma yake ilihitaji kupaliliwa, na Annie alipalilia.

Waandishi wa Marekani wenyewe walilindwa na sheria, ila nao walizoea kuachia mambo kwenye kuaminiana, na hapo ndipo palipochimbika. Mary Abigail Dodge, aliyeandika kwa jina la Gail Hamilton, alikuwa rafiki wa Annie hasa. Mrabaha wake, yaani fungu lake kwa kila nakala iliyouzwa, ulihamishwa kutoka asilimia 10 ya bei ukawa senti 15 kwa nakala. Bei ya kitabu ilipopanda hadi dola 2, senti zile 15 zilikuwa asilimia 7.5 tu. Alipong'amua kwamba asilimia 10 ndiyo kawaida, alipigana hadi mwaka 1870 akatoa kitabu kizima juu ya ugomvi huo. Sophia, mjane wa Hawthorne, naye alihoji hesabu zake mwaka 1868. Urafiki wake na Annie ukafa, akahamia Ujerumani.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi zipangwe kwa tarehe, sio kwa mwandishi. Barua ya madai iwekwe kando ya ukurasa wa shajara wa wiki ileile.

James alifariki mwaka 1881, na Annie akaishi kwa sehemu kubwa ya kila mwaka na mwandishi Sarah Orne Jewett hadi Jewett alipofariki mwaka 1909. Annie alipokuwa akiandaa barua za Jewett, zilizotoka 1911, rafiki yake Mark DeWolfe Howe alimshauri ayaondoe majina ya kudekezana, kama "Pinny" na "Fuff". Howe huyohuyo ndiye aliyezichambua shajara na kutoa Memories of a Hostess mwaka 1922. Ni kitabu kizuri, ila kipimo chake ni umaarufu wa mgeni. Nani alilipwa kiasi gani si jambo lililomshughulisha.

Madaftari yenyewe yamo Massachusetts Historical Society, Boston, na fungu kubwa la barua liko Huntington Library, California. Anayeanza, namshauri asianze na Dickens. Aanze na madai ya Sophia ya 1868, na daftari la hesabu za mrabaha liwe wazi pembeni.