Kisukari cha mimba: chupa ya bakteria si badala ya kipimo

Siku hizi kina mama wengi wanafika kliniki ya wajawazito na kitabu cha kliniki mkono mmoja, chupa ya vidonge vya probiotiki mkono wa pili, wakiamini vitawakinga na kisukari cha mimba. Wiki iliyopita mmoja alikuja kutoka Likoni, Mombasa. Chupa imeandikwa ihifadhiwe kwenye friji, nayo imevuka feri ndani ya mkoba, juani, tangu saa moja asubuhi. Ni bakteria hai hao, na joto huwaua. Waliobaki mle ni wangapi, hakuna awezaye kusema.

Probiotiki ni bakteria wenyewe. Prebiotiki, kama inulini, ni nyuzinyuzi wanazokula. Dhana yenyewe si ya kijinga. Homoni za kondo la nyuma hudhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini, na bakteria wa tumboni nao wana mkono katika jinsi mwili unavyotumia sukari. Ndiyo maana wataalamu walijaribu. Huko Brisbane, Australia, jaribio la wanawake 411 wenye uzito mkubwa lilitoa matokeo mwaka 2019: waliopewa bakteria, asilimia 18.4 walipata kisukari. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 12.3. Kitakwimu tofauti hiyo haitoshi kusema vinadhuru, lakini kinga haikuonekana. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchuja tafiti za tiba, yakaongeza jambo zito zaidi: hatari ya priklampsia, ile presha inayoweza kuishia kifafa cha mimba, ilipanda kwa waliotumia. Kwa mama ambaye tayari ana kisukari, majaribio madogo, mengi ya Iran, yalionyesha sukari ya kabla ya kula ikishuka. Kidogo tu.

Sasa kipimo cha kisukari cha mimba, maana hapa ndipo tunapopotezeana asubuhi nzima. Hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28 ya mimba. Usile chochote kwa saa nane au zaidi usiku. Maji matupu ruhusa. Utatolewa damu, utapewa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, uzimalize ndani ya dakika tano, kisha utatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Katikati unakaa. Hutoki kununua viazi karai. Ukitapika, umeahirishiwa. Ukisema ulionja chai "ya rangi tu", umeahirishiwa pia, na nafasi nyingine huenda ikawa wiki ijayo. Sukari ikifika 5.1 (kwa mmol/L) kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya mbili, moja tu kati ya hizo yatosha kukuweka kwenye matibabu.

Na tafadhali: insulini haivuki kondo kumfikia mtoto. Anayekwambia uache sindano unywe unga wa kwenye kopo hatakuwepo leba.

Prebiotiki unazo jikoni: mbaazi, kunde, kitunguu, vitunguu saumu. Maziwa lala yasiyotiwa sukari nayo yana bakteria wake. Mbaazi za nazi sina neno nazo. Mahamri manne pembeni ndiyo kesi.

Chupa uliyokwisha kununua usiifiche. Ilete na lebo yake tuiandike kwenye kitabu na tukupime presha. Ukiona madhara, hata wewe mwenyewe waweza kuripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, inayosimamia dawa. Na ukishajifungua, rudi upimwe sukari kati ya wiki ya 6 na 12, hata kama unajihisi mzima.