Laptopu ya GB 4 na vifaa vya kuprogramu: anzia hapa

Wiki jana kijana mmoja alinijia hapa Kondele na laptopu ya mtumba, RAM ya GB 4, akaniambia, "Bro, hii mashini imekufa." Haikuwa imekufa. Alikuwa ameinstali Android Studio, ile programu ya kutengenezea app za Android, na emuleta, yaani simu ya bandia ndani ya kompyuta, juu yake vile alivyoona kwenye video, na Google wenyewe wanasema Android Studio inataka angalau GB 8, sasa hapo utangoja nini? Feni inalia, mausi inakwama, mtu anaanza kuamini ni yeye hajui kuprogramu. Hiyo ndiyo huniuma, juu nimeona vijana wazuri sana wakiacha hii kazi kwa sababu ya vifaa tu.

Tuliongeza RAM ikafika GB 8, tukatoa ile diski ya zamani tukaweka SSD, yaani diski yenye kasi zaidi, na emuleta tukaitupa kabisa. Simu unayo mfukoni, itumie! Ingia setingi, tafuta pale pameandikwa Build number, gusa mara 7, menyu ya madeveloper itafunguka, washa USB debugging, inayoruhusu laptopu kujaribia programu yako kwa simu, kisha chomeka waya. Programu yako inafunguka kwa simu halisi na RAM ya laptopu inapumua.

Kama huna pesa ya kuongeza RAM saa hii, achana na Android kwanza, anza na lugha ya Python au kutengeneza tovuti. Kwa edita, yaani pale unapoandikia kodi, VS Code ni nzuri, mimi mwenyewe ndiyo natumia, lakini jua imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna brauza nzima, na kila ekstensheni, yaani kile kiprogramu cha ziada unachoongeza, inakula RAM yake. Weka mbili tatu unazozihitaji. Ikikwama bado, weka Geany, ni nyepesi na inatosha mtu anayeanza.

Lakini kama ningekuchagulia kitu kimoja tu, ni Git, programu inayokuwekea nakala ya kila hatua ya kodi yako ili uweze kurudi nyuma. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na kwetu huku inafaa kuliko watu wanavyodhani. Kuna usiku nilikuwa nafanyia mteja mfumo wa stoo, stima ikapotea nikiwa katikati ya kuhifadhi, betri ya laptopu ilikuwa imechoka kitambo, kuwasha asubuhi faili imejaa takataka, kazi ya siku 4 imeenda na nakala sina. Nililia. Tangu hiyo siku kila kitu kidogo kikifanya kazi napiga git commit, yaani nahifadhi hiyo hatua, hapo hapo, hata mara 10 kwa siku, na commit haitaki intaneti, inakaa kwa mashini yako. Git push, ya kupeleka nakala mtandaoni, ndiyo inataka bando, na inatuma mabadiliko tu, kwa hivyo mimi hungoja jioni nikitoka mjini, nawasha hotspoti dakika 2, napush, nazima.