Kioo cha ekstensheni si kioo kikubwa

Kioo cha ekstensheni hufungwa kwa muda juu ya saitimira ya gari, ili dereva anayevuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu, aone nyuma kwa kupitia ubavuni mwa karavani hiyo. Maana ndiyo hiyo. Kinachochosha ni kwamba jina hili sasa linapewa kila kioo: vile vipana, vya mbinuko (vilivyovimba katikati), hata vile vidogo vya duara vya kubandika kwenye pembe ya saitimira. Eti vyote "vinaongeza kuona".

Neno lenyewe halisemi hivyo. Limetoka Kilatini, ex "nje" na tendere "kunyoosha", na hata asiyejua Kilatini anaijua ekstensheni ya umeme. Waya ule hauongezi umeme hata chembe, unausogeza tu hadi pale ambapo soketi ya ukutani haifiki. Kioo nacho kazi yake ni kunyooshwa nje. Wanaokiita "kioo cha nyongeza" ndio waliovuruga mambo, maana nyongeza ni ile ya sokoni, unayotiliwa juu ya ulichonunua.

Chukua gari la upana wa mita 1.8 na karavani ya mita 2.3. Ukingo wa saitimira uko kama mita 1 kutoka katikati ya gari, ubavu wa karavani uko mita 1.15, na pembe yake ya mbele iko tuseme mita 4.5 nyuma ya kioo. Mstari wa kuona ukishaikwepa pembe hiyo unazidi kukimbilia nje. Mita 20 nyuma unaacha kichochoro cha nusu mita usichokiona. Mita 40 nyuma kichochoro kimepita mita moja, na pikipiki inajificha humo nzima nzima. Ukibandika kioo cha mbinuko, kitakupanulia upande wa nje, ambao haukuwa na shida, na magari yataonekana madogo na mbali kuliko yalivyo. Kichochoro kinabaki palepale, kwa sababu kinachokiziba ni ukuta wa karavani.

Ndiyo maana Uingereza, ambako karavani ni nyingi, kipimo si ukubwa wa kioo. Dereva anatakiwa aone eneo la upana wa mita 4 kuanzia ubavu wa karavani, mita 20 nyuma ya dereva mwenyewe, na kioo kisitokeze zaidi ya milimita 250 kupita ubavu huo. Asiye na vioo vya kufaa anaweza kutozwa hadi pauni 1,000 na kupewa pointi 3 kwenye leseni.

Kwa hiyo kabla ya kununua, toa upana wa gari kwenye upana wa karavani, gawa kwa mbili, kisha tazama kama mkono wa kioo unavuka hapo, ukipima kutoka ubavuni mwa gari. Kwenye kioo chenyewe tafuta alama ya E ndani ya duara. Upande wa dereva kioo bapa ni bora, kwani umbali hauongopi. Upande wa pili mbinuko unavumilika. Angalia na kibano: saitimira za siku hizi zina migongo ya mteremko, mikanda ya mpira huteleza, na lori likipita kasi upepo wake unakizungusha kioo. Futa vumbi kabla ya kufunga, la sivyo kibano kitakwaruza rangi.

Rekebisha gari na karavani vikiwa vimenyooka mstari mmoja, mtu akiwa amesimama nyuma kwenye kile kipimo cha 20 kwa 4. Ukingo wa ndani wa kioo uonyeshe ubavu wa karavani kwa uzi mwembamba tu. Kaza tena baada ya kilomita chache, na ukishafungua karavani, vua na vioo.

Muuzaji akikusifia kwamba chake ni kikubwa, mwulize kwa upole: kinatoka nje sentimita ngapi?