Lugha ya mwili kwenye meza ya usuluhishi: viongozi wanapokosea

Siku hizi viongozi wengi, wa menejimenti na wa vyama vya wafanyakazi, wanafika kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi wakiwa wamepikwa semina za lugha ya mwili. Unawatambua mara wanapoketi. Mmoja anamkazia mwenzake macho bila kupepesa. Mwingine anagusanisha ncha za vidole. Wa tatu anaiga kila anachofanya anayemkabili: akiegemea kiti, naye anaegemea. Kikao kikivunjika, malalamiko yanatufikia sisi wasuluhishi: "Yule bwana alinidharau," au "Yule mama alikuwa anadanganya, nilimwona machoni." Kwa kuwa malalamiko ya aina hii yamezidi, ni vizuri tuelezane.

Nianze na hesabu ninayosomewa karibu kila wiki, kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Si kweli, na naomba tuiache. Chanzo chake ni tafiti za mwaka 1967 za Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alitumia neno moja moja, sauti zilizorekodiwa na picha za nyuso, akapima mtu anaamini kipi pale vitu hivyo vinapopingana kuhusu hisia ya kupenda au kuchukia. Hakupima majadiliano ya mkataba, na mwenyewe ameshaeleza kuwa hesabu hiyo haihusu mazungumzo yote. Malimbikizo ya mshahara wa miezi mitatu ni tarakimu kwenye karatasi. Hayapungui kwa sababu meneja amekaa vizuri.

La pili ni macho. Kijana aliyelelewa Singida au Pemba, akizungumza na mkuu wake aliye rika la baba yake, anashusha macho kwa sababu ndivyo alivyofundwa nyumbani. Kumwita mwongo kwa hilo ni kumwadhibu kwa adabu yake. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza, wakakuta wastani wa usahihi ni asilimia 54. Kurusha shilingi kunakupa 50. Kwa hiyo kiongozi akiniambia amemsoma mtu usoni, mimi namwomba rejesta ya mahudhurio.

Kuna pia wanaosimama chooni dakika mbili, mikono kiunoni, ili waingie kikaoni na nguvu. Utafiti uliolitangaza jambo hilo ni wa mwaka 2010 na ulihusu watu 42. Mwaka 2016 mtafiti aliyetangulia kwa jina katika makala hiyo, Dana Carney, alitamka hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Muda huo usome hati ya wito wa kuhudhuria na viambatisho vyake.

Maana utaratibu hausamehewi kwa sababu ya mkao mzuri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unawasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ya Tanzania ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Unawasilishwa kwa fomu namba moja, CMA F.1, na nakala yake lazima imfikie upande wa pili, uwe na uthibitisho kwamba imemfikia. Aliyechelewa anajaza pia CMA F.2 na kutoa sababu za msingi. "Sikujua" peke yake haitoshi, na tafadhali msituambie kwamba mlisubiri kwanza bosi apoe hasira. Usuluhishi una siku 30 tangu mgogoro kuwasilishwa, isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Mlalamikaji asipotokea kwenye usuluhishi, msuluhishi anaweza kuyatupilia mbali malalamiko. Mlalamikiwa asipotokea, msuluhishi anaweza kuyatolea uamuzi bila yeye kuwepo. Unaruhusiwa kuwakilishwa na kiongozi au mwanachama wa chama chako, na wakili, au na mtu uliyemchagua mwenyewe.

Hapa niseme jambo la lugha ya mwili ambalo sijasikia likifundishwa semina hata moja: kiti kitupu nacho kinazungumza. Mkurugenzi anapomtuma karani asiye na mamlaka ya kukubali hata shilingi elfu kumi, upande wa pili unasoma dharau kabla salamu hazijaisha. Katika majadiliano ya pamoja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri na chama kilichotambuliwa wajadiliane kwa nia njema. Nia njema inaanza kwa kuwepo mtu anayeweza kusema ndiyo.

Shauri moja lilinifundisha zaidi ya vitabu. Mambo ya usuluhishi ni siri, kwa hiyo nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha mtu. Fundi mitambo, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliachishwa kazi baada ya vipuri kupotea. Meneja aliingia amechelewa, akamsalimia wakili, akanisalimia mimi, yule mzee akamruka. Simu akaiweka mezani, kioo juu. Mzee alipoanza kueleza, simu ikawaka mara mbili na mara mbili meneja akaiangalia. Mwisho akatoa rasimu ya makubaliano, akaisukuma mezani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa unaandika ujumbe.

Kiasi kilichoandikwa kilikuwa kizuri. Nilikuwa nimekiona. Mzee hakuigusa ile karatasi. Alisema, "Mimi nasukumiwa kama mbwa," akanyamaza. Tulihitaji vikao viwili zaidi kwa fedha ileile.

Sijui semina gani ingemwokoa meneja yule, ila malezi ya kawaida ya nyumbani yangemtosha. Salimia wote, na mkubwa mpe shikamoo yake hata kama mna kesi. Toa na upokee kwa mkono wa kulia. Simu iende mfukoni. Usimnyooshee mtu kidole usoni. Na kusonya, ndugu zangu! Nimeona makubaliano yaliyobakiza saini tu yakifa kwa msonyo mmoja wa katibu wa tawi. Ukihisi hasira inapanda, mabega yanakaza na sauti inapaa, omba mapumziko ya dakika kumi. Hakuna msuluhishi atakayekunyima.

Mwili ukisema hivi na mdomo vile, watu watashika kinachowaumiza. Tarehe 24 Januari 2008 jijini Nairobi, Mwai Kibaki na Raila Odinga, waliokuwa wakigombania matokeo ya uchaguzi wa urais wa Kenya, walipeana mikono mbele ya Harambee House, msuluhishi wao Kofi Annan akiwepo. Hafla ilikuwa ileile ambapo Kibaki alijitaja kuwa rais aliyechaguliwa kihalali, jambo ambalo ndilo hasa lililokuwa likigombewa, na upande wa Raila ukaja juu. Makubaliano ya kugawana madaraka yalisainiwa tarehe 28 Februari. Picha ya mikono ilikuwa na thamani yake, lakini haikuweza kulibeba neno lililopingana nayo.

Na kumtazama mwenzako je? Mtazame, lakini usimtafsiri. Angalia kwanza kawaida yake, kisha angalia inapobadilika, halafu uliza. Yule fundi alikuwa na kofia mikononi, akiizungusha ukingo wake pole pole tangu kikao cha kwanza. Tulipotaja fedha, aliendelea kuizungusha. Tulipotaja notisi na likizo, vivyo hivyo. Katika kikao cha pili wakili alisema kwa kupitia tu kwamba hati ya utumishi itatolewa "kama kawaida". Kofia ikasimama.

Sikujua maana yake, na ningekuwa nimekosea kubuni. Nikaomba kukutana na kila upande peke yake, nikamuuliza mzee kuhusu hati. Akanyamaza kitambo, nami nikamwachia kimya chake, maana kukijaza kimya cha mtu anayetafuta neno ni kumnyang'anya zamu yake. Kisha akasema mtaani wanamwita mwizi. Watoto wake wanasikia. Alitaka karatasi ya kiwanda inayosema kwamba hakupatikana na kosa la wizi. Hakuwa ameliandika hilo kwenye fomu kwa sababu hakujua kama ni jambo la kuandikwa.

Kikao cha tatu meneja alifika kabla ya wakati. Simu haikuonekana. Alisimama, akasema, "Shikamoo mzee," akampa barua kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani, akaisoma akiwa amesimama, akarudi mstari wa tatu akausoma tena. Halafu akaomba kalamu.