Mawazo hayaoteshi vinyama puani

Mwezi huu ni mara ya tatu naambiwa kwamba sainasi ni mawazo tu. Mama anayeuza mitumba pale Memorial, hapa Moshi, ameketi mbele yangu na leso mkononi. Pua imeziba tangu mwaka jana, na hata vitunguu vikiungua jikoni hasikii harufu. Dawa ya kupuliza niliyompa ameiacha. "Daktari, shemeji kaniambia sainasi ni mawazo tu. Nikitulia itaondoka."

Haitaondoka. Nilipitisha kamera nikakuta vinyama pande zote mbili, vya kijivu, vinang'aa kama zabibu zilizomenywa. Vinyama havioti kwa sababu marejesho ya kikoba yamechelewa.

Sainasi sugu ni uvimbe wa utando wa ndani ya pua na ya mashimo ya mifupa inayoizunguka, unaodumu wiki 12 au zaidi. Lazima dalili ziwe mbili au zaidi, mojawapo ikiwa pua kuziba au kutoa makamasi; nyingine ni maumivu ya uso na kupotea kwa harufu. Kisha tuthibitishe kwa kamera au picha ya CT.  

Kinachonichosha ni kwamba nikisema "si mawazo", watu husikia kwamba nakataa msongo kabisa. Sikatai. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Salisbury, Uingereza: watu wazima 394 wenye afya walidondoshewa virusi vya mafua puani, na kadiri msongo wa mtu ulivyokuwa mkubwa ndivyo alivyokuwa rahisi kuambukizwa na kuugua. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini soma tena: walidondoshewa virusi! Msongo walikuwa nao kabla, lakini kilicholeta mafua ni kirusi. Tena yale yalikuwa mafua ya siku chache. Kuyatoa matokeo hayo pale na kuyafanya maelezo ya pua iliyoziba mwaka mzima ni kumsingizia mtafiti.

Halafu geuza swali. Mtu halali vizuri kwa sababu anapumua kwa mdomo, chakula hakina ladha, uso mzito tangu asubuhi, na dukani anatakiwa kuchangamkia wateja. Huyo atakosaje mawazo? Sonona ni ya kawaida kwa wagonjwa wa sainasi sugu. Shemeji aliyaona mawazo kweli, akayaita chanzo.

Kuna kundi jingine, nalo linanipa shida zaidi: wanaosema "sainasi imenipanda" kila wakigombana na bosi. Kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga unaumiza, kichefuchefu, na kamera haioni kitu. Hicho ni kipandauso, na msongo hukiamsha kweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliwachunguza watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba kichwa chao ni cha sainasi, ingawa hawakuwa na homa wala usaha. Asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Ukimpa huyo antibayotiki kila mwezi, unamwibia hela.

Na nikiri jambo. Wapo wenye vyote viwili, utando uliovimba na maisha yaliyowaelemea. Natibu pua, namtuma akazungumze na mshauri, anaanza kulala, anarudi amepona nusu. Kipi kimemsaidia? Mara nyingi siwezi kumjibu, na simdanganyi kwamba naweza. Ninachojua ni kwamba kuacha dawa ya pua ili kwanza "utulie" kunawarudisha kwangu wakiwa hali mbaya zaidi.

Mama tumeanza naye upya: kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kupuliza dawa kila siku, hata siku anayojisikia nafuu. Atarudi baada ya wiki 6. Nimemwomba aje na shemeji, nimwonyeshe vile vinyama kwenye skrini.