Je, wajua kwa nini ni vigumu kupata rafiki mpya ukishakuwa na ndoa?

Kwenye simu yangu yumo mtu niliyemhifadhi kwa jina la mwanawe, likafuatwa na maneno "gari jeupe". Tumeonana langoni pa chuo kila Jumamosi na Jumapili asubuhi kwa miaka miwili, watoto wakiingia kusoma Kurani nasi tukibaki nje chini ya mwarubaini. Tumezungumza bei ya samaki, homa za watoto na foleni ya daraja la Nyali. Nampenda. Nikiliona lile gari linaingia, asubuhi yangu inakuwa njema. Siku mume wangu aliponiuliza, "Huyo shoga yako mpya anaitwa nani?" nilikaa kimya. Sikuwa nalijua jina lake. Naye, nilikuja kuona baadaye, amenihifadhi mimi kwa jina la mwanangu na neno "Bamburi", mtaa ninaokaa.

Nilipokuwa mtoto Mji wa Kale wa Mombasa nilipata rafiki kwa kamba ya kuruka. Mmoja ashika huku, mwingine kule, na kufikia magharibi tumeshajuana mpaka majina ya bibi zetu. Sasa nina mume, watoto, nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, na urafiki mmoja mpya wanichukua miaka. Nimewasikia wanawake wengi wa rika langu wakilaumiana kwa hili: wa Nyali wanajidai, wa bara hawachanganyiki, siku hizi watu wana roho ngumu. Mimi siamini kwamba roho za watu zimebadilika. Kilichobadilika chaweza kuhesabiwa.

Tuanze na hizo hesabu. Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu watu wazima waliokuwa wamehamia mahali papya, pamoja na wanafunzi walioanza chuo kikuu. Aliwauliza juu ya mtu waliyejuana naye huko, na wamekaa naye muda gani. Akakadiria kwamba mtu wa salamu tu huwa rafiki wa kawaida baada ya takriban saa 50 za kuwa pamoja. Kuwa rafiki hasa huchukua kama saa 90. Kufikia urafiki wa chanda na pete huhitaji zaidi ya saa 200. Tena saa za kukaa kazini pamoja hazikusaidia sana. Zilizosaidia ni zile za kula, kucheza na kupiga soga bila shughuli.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu yangu na yule mwenzangu. Langoni tunapata dakika kumi, mara mbili kwa wiki. Hizo ni dakika 20 kwa wiki, kama saa 17 kwa mwaka, ukihesabu hata wiki za likizo. Miaka yetu miwili yote haifiki saa 35. Kumbe bado hatujatimiza hata zile 50 za mwanzo! Nilipoiona hesabu hiyo nilipumua. Miaka miwili nilidhani kuna kitu nakosea, na kumbe ni uchache wa saa. Watoto wanaocheza pamoja saa tatu kila jioni hufikisha saa 200 kwa miezi miwili na siku chache. Watu wazima wawili wanaoonana kwa saa mbili mara moja kwa mwezi watazifikisha baada ya miaka minane na miezi minne.

Sasa, wazee wetu walikuwa na ndoa pia, na watoto wengi kutushinda. Wao saa hizo walizitoa wapi?

Hapa yafaa kusimulia habari ya nyumba za Westgate, huko Marekani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilikuwa na nyumba za wanafunzi waliooa, wengi wao askari waliorudi vitani. Watafiti Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back waliwachunguza majirani hao, wakachapisha matokeo mwaka 1950. Walitaka kujua nani amekuwa rafiki wa nani. Katika majengo ya ghorofa, mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki. Milango miwili mbali, asilimia 22. Waliokaa ncha mbili za ujia uleule, asilimia 10 tu, na umbali wenyewe ni wa hatua chache. Waliokaa chini karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu, kwa sababu kila mwenye kupanda na kushuka alipita mlangoni pao. Na wale ambao nyumba zao zilielekezwa barabarani, zikawapa wenzao mgongo, walibaki na marafiki wachache. Hawakuwa wakali wala wenye majivuno. Mlango wao ulielekea upande mwingine.

Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa hilo mara mbili, maana sisi tulilijenga kwa mawe. Baraza mbele ya nyumba ni mlango uliogeuzwa kuwa kiti. Baba yangu akitoka msikitini baada ya Isha alikaa barazani saa nzima, muuza kahawa apita na buli lake la shaba, vikombe vikigongana mkononi, watu wanywa kahawa tungu na kipande cha halwa au kashata. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyeaga kwa sherehe. Saa moja kila usiku ni saa 200 kabla ya miezi saba kwisha. Mgeni aliyehamia mtaa Ramadhani, kufikia Hijja ameshatimiza zile 50 na ushei, na mwaka haujaisha tayari anaitwa sahibu na kuulizwa rai juu ya mahari.

Wanawake saa zao zilikuwa ndani, uani na jikoni, na kwa kweli zilikuwa nyingi kuliko za wanaume. Fikiria harusi moja tu. Siku ya kuchambua mchele, wanawake ishirini mkekani, nyungo mapajani, asubuhi mpaka adhuhuri. Siku ya kumenya vitunguu thomu, vidole vyawasha na mdomo haulali. Usiku wa hina. Siku ya pilau yenyewe, halafu kuosha masufuria. Ukiwa bi harusi mgeni mtaani, umeolewa mwezi uliopita na humjui mtu, wapewa ungo na nafasi ya kukaa kati ya wanawake wawili usiowajua. Hakuna wa kukuuliza unapenda mambo gani. Mikono ina kazi, macho yako kwenye mchele, na maneno huja yenyewe kwa kuwa hamtazamani usoni. Harusi moja ilimpa mtu saa ishirini na watu walewale, na katika mwaka harusi hazikosekani, na misiba na hitima pia. Siku hizi wengi wetu tunakodi wapishi. Siwalaumu, hata mimi nilikodi, maana mama yangu alikuwa mgonjwa. Lakini pamoja na vitunguu tuliwapa wapishi na zile saa zetu.

Kwenye fleti yetu Bamburi, gari huingia, geti hufungwa, mlango wa chuma hufungwa baada yake. Jirani yangu wa mkabala nilimwona uso wake sawasawa siku maji yalipokatika, sote tumeshuka na ndoo kumsubiri mwenye mkokoteni. Tulisimama dakika arobaini. Mpaka leo hizo ndizo dakika nyingi zaidi tulizowahi kuwa pamoja.

Ndoa nayo ina hesabu yake. Mtafiti Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu huwa na kama watu watano wa ndani kabisa, kisha 15, kisha 50, mpaka kufikia wastani wa 150. Mwaka 2010 aliwasilisha matokeo yanayoonyesha kwamba mtu akiingia katika mapenzi, kwa wastani huwapoteza wawili katika wale wa ndani, kwa sababu muda na moyo vimehamia kwa mmoja. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, ambao Dunbar alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulitazama rekodi za simu za mamilioni ya watu katika nchi moja ya Ulaya: idadi ya watu tunaowasiliana nao hufikia kilele kwenye umri wa karibu miaka 25, halafu huteremka. Huo ndio umri ambao wengi wetu hapa tunaolewa au tumeshaolewa.

Huku pwani kuna jambo la kuongeza. Mke wa mtu hawezi tu kuanza mazoea na jirani wa kiume kwa kuwa wote wanapenda kupanda maua, wala mume wa mtu na jirani wa kike. Kwa hiyo nusu ya mtaa inatoka kwenye hesabu kabla hujaanza. Naiheshimu mipaka hiyo na naishi nayo. Matokeo yake ni kwamba urafiki wa mke na mke ukitaka kukua, huwa lazima waume wakutane.

Hapo ndipo mambo huwa magumu kweli. Watu wawili wanahitaji uzi mmoja kati yao. Watu wanne wana nyuzi sita. Mbili ni zile ndoa, na nne ni mpya, zote zinatakiwa zishike. Tufanye kila uzi una nafasi nusu kwa nusu: nafasi ya zote nne kushika pamoja ni moja katika kumi na sita. Hapo sijawaingiza watoto, nao wana rai zao.

Nililiona hilo Mama Ngina, kwenye ile bustani ya ufukweni iliyofunguliwa upya mwaka 2019. Nilikutana na mwanamke kliniki ya watoto, tukapatana haraka ajabu, tukapanga Jumapili moja jioni tuwalete wazee wa nyumba. Sisi wawili tulitandika mkeka tukaanza pale tulipoachia. Waume zetu walikaa ukutani, kila mmoja na mihogo yake ya pilipili na dafu, nyuso zimeelekea baharini. Meli ikaingia mlango wa Likoni.

"Hii ya makontena," alisema mume wangu.

"Naam, ya makontena," alijibu mwenzake.

Wakanyamaza mpaka meli ikapotea kuelekea Kilindini. Ikaja nyingine.

"Hii pia."

"Hii pia, bwana."

Niliwatazama kwa mahaba mengi, wanaume wawili wema wasio na neno la kuambiana, kila mmoja amekuja kwa ajili ya mkewe. Jua lilikuwa limeshatua mume wangu alipouliza, "Wewe timu gani?" Mmoja Arsenal, mwingine Manchester United. Sauti zikapanda, mihogo ikaongezwa, na tulipoondoka walikuwa bado wanabishana penalti. Watu husema mpira ni upuuzi. Mimi tangu siku ile naona ni ungo wa mchele waliopewa wanaume.

Kuna kizuizi kimoja kilichobaki, na hicho kiko ndani yetu. Tunaagana hivi: "Siku moja mje nyumbani." "Inshallah tutakuja, nanyi mje." Kila upande wasema kwa moyo safi, na kila upande warudi ukidhani mwenzake amesema kwa adabu tu. Mwaka 2018 mtafiti Erica Boothby na wenzake walichapisha majaribio ambapo watu wasiojuana walizungumza, kisha kila mmoja akaulizwa amempendaje mwenzake, na anadhani yeye amependwaje. Mara kwa mara watu walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Hata wanafunzi walioishi nyumba moja walikuwa na pengo hilo kwa miezi kadhaa. Yaani pale langoni huenda tulisimama wanawake wawili wenye hamu ileile, kila mmoja akiogopa kumsumbua mwenziwe.

Ndiyo maana naipenda sana desturi yetu ya sahani. Ukipelekewa chakula, sahani hairudi tupu. Nikikupa vitumbua, utanirudishia kaimati, au hata maembe matatu, au sukari kama mkono hauna kitu. Watu wanaiona ni adabu ya kale, lakini tazama inavyofanya kazi. Inaondoa shaka, maana mtu hakupikii kwa bahati mbaya. Inaondoa ule mwaliko mzito wa siku moja inshallah. Na inakulazimisha kurudi, kwa kuwa chombo cha watu kiko kwako. Tena sahani haijui ghorofa wala geti, mlinzi huipokea na kukupigia simu.

Mwezi uliopita nilimpelekea mwenzangu wa langoni vitumbua kumi na viwili, vimefunikwa kwa kitambaa. Alivipokea kwa mikono miwili akaniuliza mara mbili kama ni vyake kweli. Baada ya siku nane sahani yangu ilirudi na kaimati, na Jumapili ya pili akaja na sahani yake mwenyewe, ya maua ya buluu, imejaa viazi vya karai na ukwaju pembeni. Tulikula palepale kwenye kivuli, na watoto walipotoka chuoni hatukuondoka. Tulikaa mpaka adhuhuri.

Usiku nilipoiosha niliigeuza. Chini yake, kwa rangi nyekundu ya kucha, kama tunavyotia alama vyombo visipotee harusini, ameandika jina lake.