Sakitu: usipambane na hewa, tunza joto la ardhi

Msimu wa sakitu, ule umande ulioganda unaounguza mimea, ukikaribia huku Njombe na Makete, swali ninaloulizwa kuliko yote ni la moshi. Tuchome pumba na matairi usiku kucha bustani isiungue? Jibu langu ni lile lile: acheni. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, nalo hupanda juu likaenda zake. Matairi ndiyo kabisa, mnavuta sumu bure.

Mchana udongo hupokea joto la jua, usiku huliachia. Mawingu yakitanda, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Kukiwa kweupe, nyota zimejaa na upepo umetulia, hupotea angani, na jani hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto cha ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 2 juu ya sifuri, na bado ukaamka ukakuta majani meupe. Ndiyo maana wenzetu wa Kericho, Kenya, ambao baridi yao ya Julai huja na mawingu, chai yao iliungua vibaya Januari 2012, katikati ya kiangazi. Sisi kiangazi na kipupwe hutujia pamoja, Juni hadi Agosti.

Kwa hiyo kazi yako ni kuweka joto ardhini mchana na kulinasa usiku. Mwagilia udongo asubuhi, si majani: udongo wenye unyevu hutunza joto zaidi kuliko mkavu. Matandazo ya nyasi yasogeze mbali na miche. Hapa wengi hunibishia, maana tumewafundisha wenyewe kutandaza! Lakini nyasi kavu huzuia jua lisipashe udongo, na usiku huzuia joto lisilifikie jani. Huku kwetu udongo haugandi hadi mizizini, hivyo chini hakuna cha kukinga. Mvua zikianza, yarudishe.

Kufunika nako kuna namna yake. Simika vijiti, tandika shuka kuukuu au viroba juu yake kabla jua halijazama, na kitambaa kifike chini pande zote. Ukikifunga kwenye shina kama mwavuli uliokunjwa, umelifungia nje lile joto unalolitafuta. Nailoni ikigusa jani, jani litaungua palepale. Jua likipanda, funua.

Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda bondeni. Huko panda kabichi, njegere na vitunguu saumu. Nyanya, maharage, maboga na viazi mviringo vipandishe mteremkoni. Kama kuna ua mnene chini ya shamba lako, toboa upenyo hewa hiyo ipite, la sivyo itatuama kwako. Na mbolea ya kukuzia, urea hasa, usiweke Mei: utaotesha majani laini yatakayokuwa ya kwanza kufa.

Mche wa parachichi ukiungua, weka mkasi chini. Matawi meusi yanatisha, lakini huwezi kujua yalipokufia hadi machipukizi yatokee, na ukikata mapema utaamsha machipukizi mapya yakutane na sakitu ya pili. Shina lililobaki bila majani lipake chokaa iliyochanganywa na maji, jua lisilibabue ganda.